Sauti Iliyobaki Balangdalalu

Chaka, chaka, chaka.

Hakujapambazuka bado, na mama alikuwa ameshaanza kutikisa kibuyu cha maziwa. Yonas alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta wa udongo. Alikuwa amekuja nyumbani Balangdalalu kwa siku mbili tu, na mlio ule ulimwamsha kama ulivyomwamsha tangu utotoni. Safari hii alinyoosha mkono, akachukua simu, akaisogeza karibu na ukuta na kurekodi. Hakujua ataifanyia nini sauti ile. Aliitaka tu.

Alipotoka nje alikuta maji ya moto kwenye beseni, yamefunikwa sahani yasipoe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaenda bila kunywa chai?"

"Leo mnada Katesh, mama. Nikichelewa lori litaniacha."

"Kunywa. Lori nalo lina watu, na watu wanakunywa chai."

Akanywa. Lori lilimngoja.

Katesh siku ya mnada vumbi hupanda mpaka kifuani. Watu wa Mbulu huleta vitunguu na maharage, watu wa uwandani huleta ng'ombe, na wote hukutana kwenye kibanda cha kuchajia simu. Siku hiyo simu zilikuwa zaidi ya hamsini, kila moja imebandikwa namba, na katikati yake palikuwa na kompyuta moja iliyokuwa wazi. Mwenye kompyuta alikuwa msichana aliyevaa gauni la kitenge cha kijani na sweta ya kijivu, nywele zake amezisuka mistari myembamba. Aliitwa Violeth, binti wa mzee Sulle wa Endagikot. Alikuwa akiitazama skrini kama mtu anayemtazama mtoto mkaidi.

"Samahani kaka, shuka lako limefunika kompyuta yangu."

Yonas alilivuta shuka lake la zambarau, na jicho lake likaangukia kwenye skrini.

"Na mimi samahani, dada. Mstari wa arobaini na mbili, hujafunga mabano."

Violeth alimtazama kuanzia juu mpaka chini: shuka, fimbo, viatu vya tairi.

"Umesemaje?"

"Ndiyo maana inakataa kufanya kazi."

Violeth akahesabu mistari kwa kidole. Kweli, mabano hayakuwepo. Alikuwa anayatafuta tangu Ijumaa.

"Wewe ni nani, kaka?"

"Mchunga ng'ombe."

"Na mabano?"

"Yakipotea, nayo nayachunga."

Violeth alicheka mpaka mwenye kibanda akainua kichwa. Jua lilipoanza kuzama walikuwa bado wamesimama palepale, na lori la Balangdalalu lilikuwa limeshaondoka.

Yonas alikuwa amesomea kompyuta Dodoma, akarudi bila kazi. Violeth alifanya kazi na vijana wawili kwenye chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo: Wolfgang, mnene, mchekeshaji, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka, na Patriki, mpole wa maneno, mtunzaji wa seva yao. Baada ya mwezi mmoja Yonas naye alikuwa na kiti pale. Violeth ndiye aliyekinunua mnadani, akasema wamekiokota.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, walikunywa chai na maandazi, na Wolfgang aliwasomea habari za teknolojia kutoka kwenye simu yake, kama mtangazaji wa redio.

"Habari ya kwanza! Imetokea akili mnemba inayoandika programu yenyewe. Unaiambia unachotaka, inaandika. Jamani, kazi imekwisha. Tukalime vitunguu."

"Vitunguu vyenyewe bei imeanguka," Patriki alisema.

"Iambie itengeneze programu ya kumjua ng'ombe aliyeibwa Basotu," Violeth alisema. "Itakuuliza kwanza Basotu ni nini."

"Inajifunza, dada. Leo haijui, kesho inakufundisha wewe."

"Itafundishwa na nani? Hakuna aliyeandika habari za Basotu. Inakula kilichoandikwa tu."

"Basi sisi tuna njaa, na yenyewe ina njaa," Wolfgang alisema, akachukua andazi la mwisho. "Habari ya pili! Kuna mashine inasoma maandishi kwa sauti ya mtu kabisa. Violeth, hatuna haja tena ya kukusikia ukikohoa kwenye maikrofoni."

Habari hii iliwagusa. Programu waliyokuwa wanaijenga ilikuwa ya wafugaji wasiosoma: unabonyeza picha ya ng'ombe, simu inakuambia kwa sauti siku ya chanjo, ugonjwa ulioingia, bei ya mnadani, maji yaliko. Walikuwa hawajaamua nani awe msemaji.

"Mashine ni rahisi," Patriki alisema. "Ukibadilisha neno, hurekodi upya."

Yonas aliweka kikombe chini. "Mashine itamsomea mama yangu, sawa. Lakini haijui kumwamkia. Inasema shikamoo kama inasoma bei ya mahindi. Mama atazima simu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo asome Violeth."

Wolfgang alivua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Subirini. Hii sasa ni teknolojia, au ni posa?"

Wote wakacheka. Violeth hakucheka. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake, na masikio yake yamepata joto.

Yonas alimfundisha sentensi za Kidatoga, lugha ya kwao, moja moja. Jioni, kila mmoja akiwa chumbani kwake, walizirudia kwenye simu.

"Sema tena, kipenzi. Mwisho unapanda kama mlima."

"Sisi wa Mbulu tunaishi mlimani. Utafanyaje?"

"Nitapanda."

"Utachoka."

"Nitapumzikia Endagikot, kwa mzee Sulle. Nasikia ana binti."

"Binti yake ana kazi nyingi, hana muda na watu wa uwandani."

"Mbona basi hakati simu?"

"Kidole kimechoka," Violeth alisema, na hakukata.

Wakati wa mavuno, mzee Bura, kaka wa marehemu baba yake Yonas, alipanda Endagikot na kibuyu cha asali ya posa. Mzee Sulle aliipokea asali. Mama yake Yonas naye alikuwapo, amevaa sketi yake ya ngozi yenye shanga, ya siku za heshima. Violeth alipoinama kumwamkia kwa Kidatoga chake cha mlimani, mama alivua bangili moja ya shaba mkononi mwake, akamvika.

Tangu siku hiyo Violeth alihesabiwa kuwa mwanamke wa nyumba ile. Na hapa palikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyemwambia. Kwa Wadatoga, mwanamke aliyeposwa hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au amekufa. Atazunguka, atatafuta neno lingine, lakini jina halitoki kinywani mwake. Binti wa kule hafundishwi jambo hili. Analiona kwa mama yake tangu akiwa mgongoni. Yonas alikuwa mwanamume. Halikuwahi kumhusu, na hakulifikiria.

Baba yake aliitwa Gidahosh.

Programu ilipokaribia kukamilika Yonas alikwenda Dodoma kwa wiki moja kuionyesha kwa watu wa wizara ya mifugo. Haikuwa na jina bado. Violeth alikumbuka jinsi Yonas alivyomweleza habari za baba yake, aliyewajua ng'ombe wa majirani wote na kutembea siku nzima kumwambia mtu kwamba ndama wake anaumwa. Akaona hakuna jina bora kuliko la mzee huyo. Alitaka Yonas arudi alikute. Akarekodi salamu mpya. Mbele yake akaweka mlio wa kibuyu, ule ambao Yonas alimpa siku moja kama mtu anayetoa siri. Wolfgang aliomba ausikie mara ya pili. Kisha wakaipeleka programu kwenye simu mia tatu, kuanzia Nangwa mpaka Balangdalalu.

Kesho yake, penye bomba la maji Balangdalalu, mwanamke mmoja alibonyeza picha ya ng'ombe, sauti akiwa ameiweka juu ili wote wasikie.

Chaka, chaka, chaka. Wanawake wakatabasamu. Kisha sauti ya msichana, yenye kupanda mwishoni kama mlima:

"Shikamoo mama. Hapa ni kwa Gidahosh."

Waliijua sauti. Walimjua mwenyewe, na asali yake. Mikono ilikwenda midomoni. Mmoja alisema, "Mungu wangu, anamtaja baba mkwe wake," na mwingine akaondoka bila ndoo yake. Mama yake Yonas alikuwapo. Aliichukua ile simu kutoka kwa mwenzake, akaifuta vumbi kwa pindo la shuka, akamrudishia. Halafu akambebea ndoo yule aliyeiacha.

Mzee Bura hakuwa mpole namna hiyo. Alimpigia Yonas kabla jua halijazama.

"Huyo mke wako anatembea uwanda mzima akitaja jina la ndugu yangu. Simu mia tatu! Hata kichaa hufanya mara moja."

"Baba mkubwa, hakujua. Mimi ndiye sikumwambia."

"Basi mnyamazishe."

Huko Dodoma, Yonas alikaa na kompyuta yake kwenye chumba cha wageni. Aliiondoa sauti ya Violeth, akalifuta jina, akaweka mashine isome. Ilichukua saa mbili. Alichukua simu ampigie, akaiweka chini. Angeanzaje? Angemwambia mtu aliyempa zawadi kwamba zawadi yake ni aibu? Akaona heri amweleze uso kwa uso, wazee wakiwa wametulia. Aliona kwamba anamkinga.

Asubuhi ofisini, Wolfgang alibonyeza picha ya ng'ombe ili afurahi tena. Mashine ikasema shikamoo kama inasoma bei ya mahindi.

"Patriki, umefanya nini?"

"Si mimi. Ni Yonas, jana jioni."

Violeth alitoka nje na simu yake. Mlima Hanang ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka miguuni.

"Yonas, umeondoa sauti yangu."

"Violeth, mpenzi, nitakueleza nikirudi."

"Nieleze sasa."

"Nikirudi, tafadhali."

"Ulisema mashine haijui kumwamkia mama. Sasa imejua?"

"Si hivyo."

"Ni vipi? Mimi nimekosea nini?"

Violeth alisikia pumzi yake tu, mpaka simu ikakatika.

Huenda wangeyamaliza. Lakini siku mbili baadaye mzee Sulle alimpigia binti yake kutoka Endagikot, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanangu, wamekuja kuchukua kibuyu chao cha asali."

"Wamesema nini, baba?"

"Wamesema nyumba zetu hazikuelewana. Sikuwauliza zaidi. Niliwapa chai, wakanywa, wakaondoka."

Bura alikuwa ametuma watu bila Yonas kujua. Yonas aliporudi Katesh alikuta bangili ya shaba juu ya kiti chake, imefungwa kwenye kitambaa safi. Violeth alikuwa ameshaondoka kwenda Arusha, kwenye ofisi kubwa. Namba ya Yonas alikuwa ameifunga isimfikie. Yonas alimfuata mara moja. Alikaa getini siku nzima, mlinzi akamwambia dada amesema hamjui mtu huyo. Yule mlinzi alimletea kiti, na uji.

Miezi kumi na minne ikapita.

Siku moja Violeth alikuwa anakula chakula cha mchana mezani pake alipopigiwa na Wolfgang.

"Habari ya kwanza!" Wolfgang alianza, lakini furaha haikuwamo. "Umesikia? Kuna mashine sasa inaiga sauti ya mtu yeyote. Unaipa maneno kumi tu, inakuwa wewe."

"Nimesikia. Huku wanabishana tangu juzi. Unataka nini, Wolfgang?"

"Sitaki mashine. Nataka kukuambia kitu. Patriki anahamisha seva, anafuta vitu vya zamani. Amekuta rekodi zako bado zipo, toleo lile la kwanza kabisa. Akataka kufuta. Akaona kuna simu moja bado inaziomba."

"Simu moja?"

"Moja. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri. Miezi kumi na minne, Violeth, haijakosa hata Jumapili. Simu zote zilipokea toleo jipya isipokuwa hiyo. Ni ya mama yake Yonas."

Violeth aliweka kijiko chini. "Walikataa sauti yangu. Kwa nini anaisikiliza?"

"Walikataa sauti? Kwani hukuambiwa?" Wolfgang aliuliza. "Ee Mungu. Hukuambiwa."

Akamwambia. Jina, asali, bomba la maji, mzee Bura. Alimweleza taratibu, bila utani hata mmoja.

"Patriki asifute. Nakuja."

Yonas alimpokea Katesh, pale palipokuwa na kibanda cha kuchajia simu. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Violeth alivaa gauni lile la kijani. Hakujua kwa nini alilichagua, au alijua.

"Umekonda," Violeth alisema.

"Hakuna wa kuniokotea kiti."

Walicheka kidogo, kisha wote wawili macho yakajaa.

"Kwa nini hukuniambia, Yonas? Ningeomba radhi. Ningetembea nyumba mia tatu kwa miguu."

"Nilijua ungetembea. Sikutaka uiname mbele za watu kwa sababu ya wema wako. Nilikaa kimya nikidhani ni mapenzi."

"Na mimi niliifunga namba yako nikidhani ni heshima."

Upepo ulipeperusha vumbi kati yao. Yonas alitazama viatu vyake.

"Violeth, mwezi ujao naoa."

Alikuwa ameshajua. Alikuwa amelisikia kwenye yale ambayo Wolfgang hakuyasema.

"Ni nani?"

"Perpetua. Mwalimu wa shule ya msingi, wa hukohuko kwetu. Wazee walipeleka asali, na ng'ombe wamekwenda. Nilingoja mwaka mzima. Simu haikulia." Alishusha sauti. "Ukisema neno moja tu, nitawarudia wazee."

Neno lilikuwapo.

"Perpetua anajua habari zangu?"

"Anajua. Aliposikia unakuja alisema nisikulete kwa mama mikono mitupu, akanunua sukari. Iko kwenye mfuko huu."

Violeth aliupokea ule mfuko. "Mtu wa namna hiyo hachukuliwi kibuyu chake cha asali," alisema. "Mimi najua inavyouma. Twende kwa mama."

Mama alikuwa ameketi kivulini mbele ya nyumba. Alikuwa amezeeka. Alivaa sketi ya ngozi yenye shanga, na kigoda kingine kilikuwa kimeshawekwa karibu yake.

"Shikamoo mama," Violeth alisema kwa Kidatoga, mwisho ukapanda kama mlima. "Nisamehe. Sikujua."

Mama alimvuta kwa mkono akamketisha. Kiswahili cha mama kilikuwa cha mnadani, kifupi, kwa hiyo alisema kwa lugha yake, na Yonas, aliyesimama nyuma yao, akawa anatafsiri.

"Anasema hakukasirika hata siku ile. Wazee walikasirika. Yeye alinipigia jioni ile, akasema simu yake nisiiguse."

Violeth alitoa kadi ndogo kwenye pochi, akaomba simu. Alihamisha rekodi zote, ili simu isihitaji tena kuomba kwa seva wala mtandao. Alifanya kazi yake vizuri, akajaribu mara mbili. Kisha akampa mama abonyeze mwenyewe.

Chaka, chaka, chaka. *Shikamoo mama. Hapa ni kwa Gidahosh.*

Mama alifumba macho. Alisema maneno machache, kisha mengine. Yonas hakutafsiri.

"Anasemaje?" Violeth aliuliza.

"Anasema yeye hakumwita baba kwa jina lake hata siku moja. Mke hafanyi hivyo. Sisi watoto tulimwita baba. Wazee wa rika lake, waliokuwa wanamwita kwa jina kutoka kule njiani, wamekwisha wote. Anasema jina lake hakuna anayeliita tena hapa. Anaamka, anatikisa kibuyu, anabonyeza simu, na ni kama kuna mtu amekuja kumtafuta mume wake."

Mama aliingiza mkono ndani ya shuka, akatoa bangili ya shaba ikiwa bado kwenye kitambaa chake kilekile. Akamvika Violeth, mkono wa pili, si ule wa kwanza. Mkono wa kwanza ni wa mkwe.

Akasema tena, taratibu, akimtazama Violeth usoni. Yonas alitafsiri huku ameugeuzia uso mlima.

"Anasema mwezi ujao mkwe wake anaingia. Ni msichana mzuri, atamheshimu. Lakini yeye hataweza kulitaja jina la baba." Akamgeukia Violeth. "Wewe si mkwe tena. Wewe unaweza."

Violeth alikuwa analia bila sauti. Mama alimfuta machozi kwa pindo la shuka, kama alivyofuta ile simu penye bomba la maji. Kisha akatafuta Kiswahili chake cha mnadani, akakipata.

"Njoo tena," alisema. "Ukija, usiingie kimya. Simama pale njiani, umwite."